Baba, Mto Ngerengere na Mada Nzito

Tulipoachana wiki iliyopita nilikuwa nimemuua bibi yangu kwenye aya ya pili ya insha, naye bibi huyohuyo alikuwa amepiga simu kutoka kwake Orlando, upande wa pili wa jiji, kuniuliza kama nimekula.

Kwa aliyechelewa, naitwa Lerato. Baba ni wa hapahapa Johannesburg, Mama ni wa Morogoro. Walikutana huko Baba alipokuwa uhamishoni, na sasa tunaishi mtaa wa La Rochelle, hapahapa jijini, kwenye nyumba ambayo sebule yake nusu ni sebule na nusu ni chumba cha kushonea. Nimemaliza shule na nataka kusomea sheria. Kuna chuo kimoja binafsi kule Randburg kinachochukua mwanafunzi mmoja kila mwaka na kumsomesha bure mpaka mwisho, na kinamchagua kwa insha. Nikikosa nafasi hiyo, kuna cherehani ya pili pale sebuleni, na Mama ameshaitia mafuta.

Basi bibi akafufuka, nami nikabaki sina mada.

Steve, mshauri wetu wa insha, hakukasirika. Steve ni mtu mzuri. Kila Jumamosi anajitolea kwenye ukumbi mmoja Randburg kutufundisha namna ya kujieleza, na ana macho yanayolowa mapema.

"Bibi anakufa kwenye kila insha," aliniambia. "Majaji wamechoka na bibi. Nataka mada nzito. Niambie, Lerato, umeteseka wapi?"

Nikafikiri. "Mwaka juzi niling'olewa jino."

"Zaidi ya hapo."

"Lilikuwa gego."

Steve akafumba macho. "Kila mtu ana jeraha lake. Nenda kachimbe."

Nje nilimkuta Jeanne. Jeanne anakaa Bertrams, mama yake ana saluni ndogo ya kusuka. Walitoka Bukavu akiwa mtoto, na njiani kulitokea mambo ambayo hajawahi kunisimulia hata siku moja. Steve humtazama Jeanne kama mwenye njaa anavyoitazama sufuria.

"Umeandika kuhusu nini?" nikamuuliza.

"Juu ya saluni ya mama. Bale bateja benye banaleta picha ya mutu ingine, banasema: nisuke nifanane naye."

"Jeanne! Wewe una vita, una mipaka, una kila kitu, halafu unaandika kuhusu nywele? Kama huvitumii, si uniazime kidogo tu? Nitabadilisha majina."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka.

"Lerato, weye uko mutu wa ajabu. Ile vitu miye niko natafuta kusahabu, weye uko unaniomba nayo kama vile chumvi?"

Niliona aibu, nikasema samahani. Akanishika bega, maana Jeanne hana kinyongo.

"Andika juu ya papa yako. Si alipiganaka vita ku pori?"

Nikajiona mjinga. Shujaa mzima nimemlaza nyumbani, mimi nahangaika kuwaua mabibi!

Maana kwetu Baba ni shujaa, na hilo halina ubishi. Ana hadithi moja tu ya vita, lakini ni nzito. Mto Ngerengere ulifurika, mwenzake akawa amejeruhiwa mguu, na Baba akamfunga kamba akamvusha, maji yakiwa shingoni. Ameisimulia kwenye kila sherehe tangu nizaliwe. Mama hulia palepale pa kila siku, na kila Ramadhani, tukishafuturu, humwombea dua yule mwenzake Baba popote alipo. Baba huinamisha kichwa, anaitikia amina.

Na mwezi ule shujaa alikuwa na shahidi nyumbani. Mjomba Hashim, kaka yake Mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Morogoro, safari yake ya kwanza tangu Mama aolewe. Kila mgeni aliyeingia alisimuliwa jinsi marehemu babu alivyokataa kumwoza binti yake kwa mtu wa kuja, na jinsi Mjomba alivyosimama akaapa mbele ya ukoo mzima.

"Nilimwambia mzee, huyu Mansour amesilimu kwa moyo, na ni msafi. Sijaona kijana anayeoga namna hii. Kila akija kwetu ananukia sabuni na ndimu, amejisugua mpaka anang'aa! Mtu msafi hivi, atakuwaje mtu mbaya?"

Mansour ni jina alilolichukua Baba aliposilimu. Hapa mtaani wanamwita Thabo.

Jumanne nikamfuata Baba uani. Alikuwa anagongelea bawaba ya geti.

"Baba, nataka ile hadithi ya mto, lakini kwa kirefu. Mwenzako aliitwa nani?"

"Hatukutumia majina. Mambo ya usalama."

"Alijeruhiwa na nini?"

"Waya."

"Wa adui?"

"Wa uzio."

"Na wewe ulikuwa na silaha gani?"

Baba akaweka nyundo chini. Akatazama dirisha la jikoni, sauti ya Mjomba ilikotokea.

"Ndoo," alisema.

"Nini?"

"Eish, Lerato. Eish."

Akahamia Kizulu, lugha anayoitumia kwa mambo ambayo ukoo wa Mama haupaswi kuyasikia. Cherehani ya Mama ilikuwa inaunguruma ndani, kwa hiyo tulikuwa salama.

Baba alikwenda uhamishoni akiwa kijana, akitaka bunduki. Wakubwa wa Mazimbu, kambi ya wapigania uhuru kule Morogoro, walimtazama, wakamuuliza kama amewahi kufuga. Akajibu ndiyo, akidhani wanamsalimia tu. Kesho yake akakabidhiwa mabanda ya nguruwe, na hakutoka kwenye mabanda hayo mpaka siku ya kurejea nyumbani.

"Na mwenzako wa mtoni?"

"Alikuwa na mimba," Baba alisema. "Alizaa watoto kumi na wawili, wote wazima." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Yule alikuwa jike la maana, Lerato. Niliomba nirudi naye, wakakataa."

"Mama anajua?"

"Mama yako anajua aliolewa na mpiganaji."

"Na Mjomba?"

"Mjomba wako aliniapia! Asubuhi niko kwenye nguruwe mpaka magotini, jioni niko barazani kwa wakwe zangu Waislamu, nanywa kahawa. Ulidhani zile ndimu zilikuwa za nini? Nilikuwa namaliza mche wa sabuni kabla ya kwenda kukaa na mama yako nusu saa, tena mbele ya shangazi zake."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Baba hakucheka.

"Usiiandike hiyo."

"Siandiki, Baba."

Niliandika.

Msinihukumu haraka. Nilikaa nikijiambia ni majaribio tu, halafu ikatoka yenyewe, bila kuchimba jeraha lolote. Baba na ndoo yake, Baba akijisugua kwa ndimu, Baba akimvuta nguruwe mwenye mimba kwenye maji mekundu ya mafuriko huku akimwimbia. Nilipomaliza nilikuwa nampenda kuliko nilivyompenda alipokuwa shujaa. Nikamalizia kwa kusema kwamba nyumbani kwetu siri hii tunaijua wawili tu, yeye na mimi. Ilikuwa kwa Kiingereza na ilikuwa inakwenda Randburg. Nani wa kwetu angeisoma?

Steve aliisoma mara mbili.

"Nguruwe," alisema.

"Ndiyo."

"Hakuna bunduki?"

"Ndoo ipo."

"Hata bomu dogo? Kwa mbali tu, linasikika?"

"Hapana, Steve."

"Basi angalau nguruwe afe."

"Hakufa."

Alivuta pumzi kama daktari anayewapa ndugu habari mbaya, akaituma kama ilivyokuwa.

Wiki ile ilipokwisha, chuo kikapiga simu. Tumebaki wawili, mimi na kijana mmoja asiye na wazazi. Niliruka mpaka nikaangusha kopo la vifungo vya Mama. Halafu yule mtu wa kwenye simu akaendelea kuongea.

Chuo kile kina utaratibu wake. Kabla ya kuchagua, majaji huenda nyumbani kwa mwombaji, naye anaisoma insha yake mbele ya familia. Waliwahi kusumbuliwa na watoto wa nyumba zenye bwawa la kuogelea wanaojiandikia umaskini, kwa hiyo sasa wanakuja kujionea. Jumamosi, saa nne.

Nikaanza kazi ya kuihamisha familia.

"Mama, Jumamosi si siku nzuri ya kupeleka zile sare za shule?"

"Wageni waje kwangu, mimi nisiwepo? Chai watapewa na nani?"

"Mjomba, hutaki kwenda kuona wanyama? Jeanne anaweza kukupeleka."

"Wanyama wapo Mikumi," Mjomba akajibu. "Nataka kumsikia mpwa wangu akisoma."

Baba nilimwambia yote asubuhi ya Jumamosi yenyewe. Alikuwa amekaa kitandani anavaa viatu. Akavivua.

"Mjomba hajui Kiingereza," nikamtuliza.

"Na mama yako?"

"Mama atakuwa jikoni."

Baba akanitazama kama mtu anayemtazama fundi aliyekwisha kuharibu kazi, halafu akavivaa tena.

Wakaja majaji watatu, Steve nyuma yao. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja aitwaye Chloé, mwenye miwani mikubwa na adabu nyingi. Alisifia vitambaa, alisifia sambusa, akamshika mikono Mjomba Hashim aliyekuwa amevaa kanzu yake ya Iddi. Niliposimama kusoma, akanisimamisha.

"Mjomba wako anaelewa Kiingereza?"

"Hapana, lakini hana neno."

"Hapana, hapana, asiachwe nje. Soma aya moja kwa Kiingereza, kisha mtafsirie. Tutasubiri."

Mungu awabariki watu wema, lakini wema wao utatumaliza.

Nikasoma aya ya kwanza. Majaji wakatabasamu. Nikamgeukia Mjomba.

"Baba alipofika Mazimbu akakabidhiwa mabanda ya mbuzi."

Mjomba akapandisha nyusi. Baba akatazama dari.

Nikasoma ya pili na ya tatu. Kila nguruwe aliyeingia kwa Kiingereza alitoka mbuzi kwa Kiswahili. Sabuni nikaiacha sabuni, ndimu nikaiacha ndimu, maana hata mbuzi ana harufu yake. Mjomba alikuwa akisikiliza huku kichwa amekiinamisha upande, na mara mojamoja alimtupia Baba jicho.

Nilikuwa nimefika mtoni, maji yakiwa shingoni, Mama alipoingia na sinia la vikombe.

Mama amewashonea watu wa mji huu tangu sijazaliwa. Amegombana nao kwa Kiingereza juu ya mikono mifupi na viuno vilivyobana, na ameshinda. Nilijua ataelewa kila neno. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusingizia kikohozi. Lakini Chloé alikuwa amevua miwani anafuta macho, jaji mwingine anacheka kwa sauti, na mimi nilikuwa naiona nafasi yangu inakuja kwa miguu yake. Nikamvusha nguruwe mpaka ng'ambo. Sikumtazama Mama hata kidogo.

Walipiga makofi. Chloé akamgeukia Mjomba.

"Muulize, anajisikiaje kujua kwamba shemeji yake alikuwa akifuga nguruwe?"

"Anauliza," nikasema, "unajisikiaje kujua kwamba shemeji yako alikuwa akifuga mbuzi."

Mjomba akaweka kikombe chini taratibu.

"Mbuzi gani?"

"Wa Mazimbu, Mjomba."

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Mazimbu hapakuwa na mbuzi. Kulikuwa na nguruwe. Pumba zao nilikuwa nawapelekea mimi."

Majaji, ambao hawakuelewa kitu, waliinamisha vichwa kwa heshima.

"Pumba?" Baba aliuliza.

"Za mashine ya kusaga ya marehemu mzee. Tungezitupa wapi pumba zote zile? Nilikuwa nafika na mkokoteni, kilemba usoni, watu wa msikitini wasinijue. Ananipokea kijana mrefu, ndoo mkononi."

Baba akasimama. "Yule bubu wa magunia? Ulikuwa wewe?"

"Ningefungua mdomo ungeijua sauti, shemeji."

"Kwa hiyo ulijua! Uliapa mbele ya mzee ukiwa unajua!"

"Niliapa kwamba unaoga," Mjomba alisema. "Na wallahi ulikuwa unaoga. Nilidhani na wewe umenitambua unaninyamazia. Nikasema moyoni, basi tusitiriane."

Wakatazamana, wazee wawili wenye mvi. Kisha kicheko kikawatoka kwa pamoja, wakashikana mikono, Mjomba akimpiga Baba mgongoni, Baba akisema bubu, bubu, kumbe bubu! Hata mimi nilianza kucheka. Niliona mambo yameisha salama, nafasi nimepata, na familia imepona.

"Mansour," Mama alisema.

Alikuwa bado amesimama mlangoni na sinia.

"Kila Ramadhani nimemwombea dua yule mwenzako. Kila Ramadhani. Nimemwomba Mungu ampe afya, ampe kizazi chema. Na wewe umekaa pembeni yangu unaitikia amina."

Kicheko kikakatika. Baba akauachia mkono wa Mjomba.

"Na wewe, kaka. Ulijua kabla hata sijaolewa."

"Samira, ilikuwa kwa ajili ya—"

"Nyamaza, kaka yangu, nakuheshimu." Akanigeukia mimi. "Lerato. Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu Jumanne ile Baba anatengeneza geti."

"Na hawa wageni?"

Nikazikunja karatasi za insha. Alijua. Insha ilitangulia, wageni wakaifuata.

"Kwa hiyo watu wa Randburg, wasiolijua hata jina langu, wameyajua ya nyumba yangu kabla yangu mimi," Mama alisema. "Mimi nikawa nawakaangia sambusa."

Hakupandisha sauti. Angefoka ningejua la kufanya. Machozi yalikuwa yanamtoka na mikono imeshika sinia, hawezi hata kujifuta, na hakuna aliyenyanyuka kumpokea. Niliumia kifuani jinsi ambavyo sijawahi kuumia, na gego likiwemo.

Pembeni yangu Steve alishusha pumzi. Hakuelewa neno hata moja, lakini macho yalikuwa yamelowa kabisa.

"Hiyo, Lerato," alininong'oneza. "Hiyo ndiyo mada."

Chloé naye akasogeza kiti karibu. Aliinamisha kichwa, akashusha sauti, kama watu wanavyofanya mbele ya mtu wanayedhani hasikii lugha yao.

"Sijui mama yako amesema nini, lakini nimeona uso wake. Insha yako inachekesha sana, ila ilikosa kitu hiki hasa. Nitakuwa mkweli. Yule kijana mwingine amewapoteza wazazi wote wawili. Lakini ukimwongeza mama yako, hivi alivyo, hapo mlangoni, ukatuletea Jumatatu, sidhani kama kutakuwa na ubishi tena. Utafanya hivyo?"

Nikamkumbuka Jeanne na chumvi yake. Nikaikumbuka cherehani ya pili, iliyokwisha kutiwa mafuta.

Wote walikuwa wananitazama. Mjomba alinivuta mkono, akataka kujua mzungu anasema nini.

"Usimtafsirie mjomba wako," Mama alisema. "Hilo mimi nimelisikia lote."

Akaja mpaka mezani, akaweka kikombe kimoja mbele ya Chloé na kingine mbele ya Steve, akageuza vishikio viwaelekee, kama alivyonifundisha tangu utotoni.

"Haya, mwanangu," alisema. "Mgeni amekuuliza. Mjibu."